Hansaviertel: mtaa wa Berlin uliochorwa na manahodha zaidi ya 50

Katika jengo alilolichora Mbrazili Oscar Niemeyer huko Berlin, lifti haimo ndani ya nyumba. Imewekwa kwenye mnara wa pembetatu uliosimama peke yake kando ya jengo na kuunganishwa nalo kwa vijidaraja, nayo husimama kwenye ghorofa mbili tu. Mkazi ambaye mlango wake hauko kwenye ghorofa hizo hushuka, akavuka kijidaraja, kisha akamalizia safari kwa ngazi, akipanda au akiteremka, na mfuko wake wa viazi mkononi. Chini kabisa hakuna vyumba. Jengo zima limebebwa na nguzo za zege zenye umbo la herufi V, na mpita njia anaweza kukatiza chini ya sebule za watu na kutokea upande wa pili, penye majani na miti, bila kupiga hodi kwa yeyote.

Ukitoka hapo kwa miguu, ndani ya dakika chache utalipita jengo la Alvar Aalto wa Finland, jengo lililopinda kama upinde la Walter Gropius aliyeanzisha shule ya Bauhaus, nyumba za chini za Mdenmark Arne Jacobsen, na safu ya minara iliyochorwa na Waitalia, Waholanzi, Wafaransa na Wajerumani. Mtaa huu unaitwa Hansaviertel. Ulijengwa kwa ajili ya maonyesho ya kimataifa ya ujenzi ya mwaka 1957 yaliyojulikana kwa jina la Interbau, ambayo wasanifu majengo 53 kutoka nchi 13 walishirikishwa. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa manahodha walikuwa zaidi ya hamsini, kila mmoja amezoea kushika usukani wake mwenyewe, na hata hivyo chombo kilifika. Makala haya yanaeleza ni nini kilichokiongoza.

Maelezo ya kawaida kuhusu mtaa huu huanza na majina na kuishia kwenye majina. Wanafunzi wa usanifu huja na orodha mkononi, wakatia alama mbele ya kila jina kama mtoto anayekusanya stempu, kisha wakapanda treni na kuondoka. Matembezi ya namna hiyo yana raha yake, lakini naona yanaficha jambo lenyewe. Majengo ya watu mashuhuri yakiwekwa pamoja hutoa maonyesho, na maonyesho yakiisha watu hurudi makwao. Uwanja wa Interbau uligeuka kuwa mtaa wa kuishi kwa sababu ya kazi iliyofanywa kabla ya mafundi kuchanganya zege ya kwanza, kazi ya ardhi, ya fedha na ya kupanga nafasi, ambayo hakuna aliyeitia saini yake ukutani.

Hansaviertel ya kwanza ilianza kujengwa miaka ya 1870 kwenye ukingo wa kaskazini-magharibi wa Tiergarten, ile bustani kubwa iliyo katikati ya Berlin. Ulikuwa mtaa wa wenye uwezo, wenye nyumba za ghorofa zilizobanana ukuta kwa ukuta kandokando ya barabara, mapambo yakiwa mbele na nyua nyembamba zikiwa nyuma. Familia nyingi za Kiyahudi ziliishi hapo. Mshairi Nelly Sachs, aliyekuja kupewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1966, alikulia katika mtaa huo na alikimbilia Sweden mwaka 1940. Wayahudi waliobaki Berlin walianza kusombwa mwezi Oktoba 1941 kupelekwa kwenye mageto na kambi za mauaji, na mali zao zikanyakuliwa. Miaka miwili baadaye, usiku wa tarehe 22 Novemba 1943 kuamkia tarehe 23, mabomu ya ndege za Uingereza yaliuteketeza mtaa. Kati ya nyumba 343, ni takriban 70 tu zilizobaki zimesimama.

Vita vilipokwisha na mji kugawanywa, eneo hili liliangukia upande wa Magharibi, katika sehemu iliyokuwa chini ya Waingereza. Upande wa Mashariki, serikali iliyofuata mkondo wa Moscow ilianza mapema miaka ya 1950 kujenga Stalinallee, barabara pana yenye majengo yaliyoandamana kwa takriban kilomita 2, yaliyopambwa kwa vigae na nguzo za mtindo wa kale na kuitwa makasri ya wafanyakazi. Watu husahau kwamba barabara hiyo nayo ilichorwa na wengi: Hermann Henselmann ndiye anayetajwa zaidi, lakini Egon Hartmann, Richard Paulick, Hanns Hopp, Kurt Leucht na Karl Souradny walikuwa na sehemu zao. Huko, hata hivyo, wote walitakiwa kutoa sauti moja. Mwezi Juni 1953 mafundi wa barabara hiyohiyo waliweka zana chini wakipinga kuongezewa viwango vya kazi, na tarehe 17 mgomo wao ukageuka kuwa uasi uliozimwa kwa vifaru vya Kisovieti.

Mwaka huohuo Berlin Magharibi iliendesha shindano la kuijenga upya Hansaviertel. Ujumbe wake haukuhitaji mkalimani. Kule watu wanajengewa jumba moja refu kwa amri, huku kila jengo litasema lake, na wasemaji wataalikwa kutoka Finland hadi Brazil. Wingi wa wasanifu, kwa maneno mengine, ulikuwa wenyewe hoja ya kisiasa tangu siku ya kwanza, na anayeusoma mtaa huu kama suala la ladha ya usanifu peke yake ameacha nusu ya habari nje ya mlango.

Walioshinda shindano hilo ni Gerhard Jobst na Willy Kreuer. Mchoro wao ulionyesha mkono mmoja: majengo marefu yaliyopinda, yamepangwa kwa mkao mmoja ndani ya uwanja wa kijani. Ungejengwa hivyo ulivyokuwa, wasanifu wengine wangebaki kujaza mistari waliyokwisha kuchorewa, na maonyesho ya uhuru yangefanana mno na kile yaliyokuwa yakikipinga. Kamati ya wasanifu iliyoongozwa na Otto Bartning ikaufumua mchoro na kuusuka upya, hadi picha ikapungua na kanuni zikabaki. Minara ya ghorofa 16 na 17 iwekwe kaskazini, sambamba na reli ya mjini inayopita juu ya matao. Majengo marefu ya ghorofa nane, tisa au kumi yakae katikati, yakiachana kwa nafasi kubwa. Nyumba za chini zibaki kusini, ambako mtaa unayeyukia kwenye bustani. Kila mwalikwa alionyeshwa mahali pake na aina ya jengo analotakiwa kulitoa, na ndani ya mipaka hiyo akaachiwa. (Kreuer mwenyewe, mshindi wa shindano, ana kanisa Katoliki la Mtakatifu Ansgar pale kwenye uwanja wa Hansaplatz, ni jengo zuri, lakini mtu aliyeshinda mtaa mzima akaacha alama ya kanisa anastahili kuhurumiwa kidogo.)

Anayelijua shairi la Kiswahili hatapata taabu kuelewa mpango huu. Katika malumbano kila malenga huja na maneno yake, mafumbo yake na kejeli yake, na anaweza hata kumbeza aliyemtangulia; ila akitaka ahesabiwe kuwa amejibu, atafuata bahari ileile, vina vilevile na mizani ileile. Bartning na wenzake walitunga mizani, wageni wakaleta maneno. Ndiyo maana jengo la Niemeyer lenye nguzo zake za V linaweza kusimama jirani na majengo ya Wajerumani wasiojulikana nje ya nchi yao bila kuonekana limepotea njia.

Mizani ya namna hiyo isingewezekana juu ya ardhi ya zamani. Bomu hubomoa nyumba, halifuti hatimiliki. Chini ya vifusi vile kulikuwa bado na viwanja vingi vyembamba vyenye wenyewe, na miongoni mwa wenye haki navyo walikuwamo watu waliokimbia Wanazi na warithi wa waliouawa. Barabara za zamani nazo zilikatiza palepale ambapo kamati ilitaka kuweka majani. Ikaundwa kampuni maalumu kwa kazi hiyo, ikanunua viwanja, ikabadilishana vingine, mpaka mipaka ya zamani ikafutwa na eneo likawa kitu kimoja kinachoweza kugawanywa upya. Msomaji aliyewahi kufuatilia mirathi ya kiwanja kimoja cha Kariakoo chenye warithi saba, wawili kati yao wakiwa nje ya nchi, anaweza kupima mwenyewe ugumu wa kufanya hivyo kwa mtaa mzima. Katika mtaa wa zamani, kwa kila sehemu moja ya ardhi iliyojengwa, sehemu moja na nusu ilikuwa wazi. Katika mtaa mpya, kwa kila sehemu moja iliyojengwa, sehemu tano na nusu ziko wazi. Tofauti hiyo haikuletwa na kipaji cha msanifu yeyote. Ilitoka kwenye mafaili ya viwanja.

Baada ya ardhi, kamba ya pili iliyoufunga mpango huu ilikuwa fedha. Sehemu kubwa ya majengo ilijengwa kwa utaratibu wa makazi ya jamii, yaani kwa ruzuku ya serikali, na ruzuku ilikuja na masharti yake: ukubwa wa nyumba, gharama na kodi ya pango viliwekewa kikomo. Wageni wengi walifanya kazi pamoja na wasanifu wa hapohapo Berlin, waliozijua kanuni za ujenzi za mji na waliosimamia kazi wakati mwenye mchoro akiwa ng'ambo ya bahari. Gropius, aliyekuwa akiishi Marekani, alishirikiana na Wils Ebert. Mapambano makubwa ya Interbau yalifanyika hapa, kati ya mchoro na kanuni, na yapo majengo ambayo wachoraji wake hawakuyafurahia yalipokamilika.

Mfano unaojulikana kuliko yote uko nje ya Hansaviertel. Msanifu mashuhuri Le Corbusier alitaka kuleta Berlin jengo lake kubwa la makazi, la jamii ya lile alilolijenga Marseille, na ukubwa wake haukuweza kuingia katika mtaa ule. Likapelekwa magharibi zaidi, karibu na uwanja wa michezo wa Olimpiki, likiwa na nyumba 530 katika ghorofa 17. Le Corbusier alikuwa na kipimo chake alichokibuni kutokana na mwili wa binadamu, na kwa kipimo hicho dari inakaa mita 2.26 kutoka sakafuni, kimo cha mtu aliyeinua mkono juu. Kanuni za makazi ya jamii za Berlin zilitaka mita 2.50. Sentimita 24 ni kitu kidogo, lakini zikizidishwa kwa ghorofa 17 huvuruga uwiano wa uso mzima wa jengo, na kwa mtu aliyeamini kwamba namba zake zina muziki ndani yake ilikuwa sawa na kubadilishiwa mizani ya shairi. Jengo lilikamilika mwaka 1958 kwa vipimo vya Berlin, na Le Corbusier hakulikubali kuwa kazi yake halisi.

Walioweza kufanya makubwa zaidi ndani ya Hansaviertel ni wale walioyachukulia masharti kama udongo wa kufinyangia. Nyumba za Aalto zinastahili kutazamwa kwa karibu. Jengo lake la ghorofa nane lina nyumba 78, idadi inayoweza kumtia mtu hofu ya korido ndefu zenye milango inayofanana. Ukifungua mlango wa nyumba mojawapo, unapita nafasi ndogo ya kuingilia na mara unajikuta kwenye chumba kikubwa cha katikati. Jiko na vyumba vya kulala vimekizunguka chumba hicho, na mtu anayetoka chumbani kwenda kwingine analazimika kupita mbele ya wenzake. Mbele ya chumba hicho kuna roshani iliyozamishwa ndani ya mwili wa jengo, imefunikwa juu na kulindwa pembeni, kiasi kwamba familia inaweza kula chakula nje bila jirani kuhesabu matonge. Nyumba yetu ya Kiswahili ya mjini huwa na ujia katikati, vyumba kulia na kushoto, na maisha yenyewe yako uani nyuma. Aalto aliuondoa ujia, akauleta ua katikati ya nyumba na kuupandisha ghorofani. Eneo ni lile la makazi ya ruzuku, dogo kwa kipimo chochote, ila halionekani dogo.

Jacobsen alifanya jambo la jamaa hiyo kwenye usawa wa ardhi. Nyumba zake nne za Händelallee hazina ghorofa, na kwa anayepita njiani ni kuta tupu. Vyumba vyote vimegeukia ua wa ndani uliozungushiwa ukuta. Mzee wa Lamu au wa Mji Mkongwe asingehitaji kuelezwa faida ya ukuta usio na dirisha upande wa barabara.

Kwingineko majaribio yalikuwa ya kiufundi zaidi. Waholanzi Van den Broek na Bakema walizipishanisha sakafu za mnara wao kwa nusu ghorofa, ili nyumba ipande na kushuka vidaraja vichache ndani kwa ndani na ipate mwanga wa pande mbili. Pierre Vago alitoka Ufaransa akiwa na wazo la sebule zenye dari iliyoinuka kwa ghorofa moja na nusu. Gropius na Ebert waliupinda uso wa jengo lao la ghorofa tisa kuelekea kusini, kwenye jua, wakazigeuza nyumba za miisho yake zitazame upande mwingine, na matokeo yake mbele ya jengo hapaonekani kama kabati la droo zilizofuatana. Majengo ya Wasweden Fritz Jaenecke na Sten Samuelson, na ya Wajerumani Max Taut, Egon Eiermann na Paul Baumgarten, yana mashabiki wao, na mabishano ya lipi ni bora hayajaisha mpaka leo. Sitayaingia, isipokuwa kusema kwamba jina kubwa na nyumba nzuri ya kuishi havikuandamana kila mara.

Kati ya majengo hayo yote kuna kitu ambacho mgeni hukikanyaga bila kukiona. Wasanifu wa bustani kumi walikabidhiwa ardhi iliyo wazi, miongoni mwao Herta Hammerbacher na Hermann Mattern wa Ujerumani na Pietro Porcinai wa Italia, na agizo lao lilikuwa kuiingiza Tiergarten mtaani kana kwamba majengo yamepandwa ndani ya bustani. Hakukuwa na uzio kati ya jengo la mmoja na la mwingine. Majani hayajui kwamba hapa pameishia pa Aalto na pameanzia pa Vago. Kwa maoni yangu hawa ndio walioushona mtaa, na ni majina yao yanayokosekana kwenye orodha nyingi za wanafunzi. Maktaba ya Werner Düttmann, shule, chekechea, makanisa mawili, sinema na maduka yaliyozunguka kituo cha treni ya chini ya ardhi viliwekwa mahali ambapo mkazi angevifikia kwa miguu.

Maonyesho yalifunguliwa na Rais Theodor Heuss wa Ujerumani Magharibi tarehe 6 Julai 1957 na kufungwa tarehe 29 Septemba. Zaidi ya watu milioni moja walifika, wakiwamo wengi wa upande wa Mashariki, kwa kuwa mpaka ndani ya mji ulikuwa bado unavukika. Wageni walining'inia kwenye viti vya waya vilivyotoka karibu na kituo cha treni cha Zoo vikipita juu ya bustani, na walionyeshwa banda lenye mada ya mji wa kesho. Walichokiona chini yao kilikuwa nusu mtaa, nusu eneo la ujenzi: baadhi ya majengo yalikuwa tayari na samani ndani, mengine yalikuwa bado mifupa ya zege, na mengine yalikamilika miaka kadhaa baadaye. Treni ya chini ya ardhi ilianza kusimama Hansaplatz tarehe 28 Agosti 1961, siku 15 baada ya Ukuta wa Berlin kuanza kujengwa, wakati ambapo wageni wa Mashariki waliolengwa na ujumbe wote ule hawakuweza tena kuja kuupokea.

Hapo ndipo mkanganyiko mkubwa kuhusu Hansaviertel unapoanzia. Ulitangazwa kuwa mfano wa mji wa kesho, lakini kesho ilipofika haikufanana nao. Mtaa mzima una nyumba zipatazo 1,160. Mahitaji ya Berlin Magharibi yalihesabiwa kwa makumi ya maelfu, na yalijibiwa kwa vitongoji kama Märkisches Viertel, uliojengwa pembezoni mwa mji kati ya 1963 na 1974 ukiwa na nyumba zipatazo 17,000. Kitongoji hicho nacho kilichorwa na wasanifu wengi, zaidi ya thelathini, wakiwamo watu wenye vipaji visivyotiliwa shaka kama Oswald Mathias Ungers, na Düttmann yuleyule wa maktaba alikuwa miongoni mwa waliokipanga. Wingi wa mikono haukukiokoa na sifa mbaya iliyokiandama tangu wakazi wa kwanza walipohamia na kukuta maduka, shule na usafiri vikiwa nyuma ya majengo. Anayedhani kwamba siri ya Hansaviertel ni kuwaalika wasanifu wengi akalinganishe mitaa hii miwili. Mmoja uko kando ya bustani katikati ya mji, una stesheni, na ulipewa ardhi kwa ukarimu ambao hakuna serikali ingeweza kuurudia kwa nyumba elfu 17.

Wakosoaji hawakuishia kwenye idadi. Wapo walioomboleza barabara ya zamani yenye duka chini na watu madirishani, wakisema kwamba jengo lililosimama peke yake kwenye majani halina mbele wala nyuma, na kwamba jioni hakuna anayepita. Hoja hiyo ilishinda baadaye: maonyesho mengine makubwa ya ujenzi yaliyofikia kilele Berlin mwaka 1987 yaliwarudisha wasanifu kwenye jengo linalofuata mstari wa barabara na kuzunguka ua, na huko Kreuzberg yakatetea ukarabati wa nyumba kuukuu badala ya kuzibomoa. Nao waandaaji wa 1987 waliwaalika wasanifu wengi kutoka nchi nyingi. Wingi umeonekana kuwa chombo kinachobeba shehena yoyote.

Jambo la ajabu zaidi lilitokea upande wa pili. Baada ya kiongozi wa Kisovieti Nikita Khrushchev kuyalaani mapambo ya gharama na kuagiza ujenzi wa haraka wa viwandani, Ujerumani Mashariki iliiacha sauti ya Stalinallee. Kuanzia mwaka 1959 barabara hiyo, iliyobadilishwa jina kuwa Karl-Marx-Allee mwaka 1961, ilirefushwa kwa majengo ya bamba za zege yaliyoachana kwa nafasi za kijani, pamoja na sinema na mkahawa wenye kuta za vioo, vyote viwili vilivyochorwa na Josef Kaiser. Mtu akiwekwa hapo bila kuambiwa alipo, angeweza kudhani kwamba Hansaviertel imevuka mpaka. Ujenzi wa aina hiyo ndio uliosafiri hadi kwetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Ujerumani Mashariki iliisaidia Zanzibar kujenga majumba ya ghorofa Kikwajuni na Kilimani, na mpango wa mji mpya wa Ng'ambo uliozaa yale majengo marefu ya Michenzani ulipita mikononi mwa wataalamu wake. Njia ya kurudi nayo ilikuwapo: Ernst May, aliyekuwa ameijengea Frankfurt mitaa mizima ya makazi kabla ya Hitler, aliishi Afrika Mashariki kwa karibu miaka ishirini, akalima Tanganyika na kuchora mpango wa kuipanua Kampala, kisha akarudi Ujerumani miaka ya 1950 kushika kazi ya makazi ya wengi.

Tangu mwaka 1995 Hansaviertel inalindwa kisheria kama urithi wa mji, na ulinzi huo unahusu mtaa mzima pamoja na bustani zake. Berlin imekuwa ikiitetea pamoja na Karl-Marx-Allee kama urithi mmoja wenye nusu mbili. Baadhi ya nyumba zilizojengwa kwa ruzuku zimeuzwa na kuwa mali ya watu binafsi, na anayetafuta nyumba ya kupanga katika jengo la Aalto hujiandaa kusubiri.

Ukizitazama picha za mwaka 1957, kitu cha kwanza kinachoshangaza ni uchi wa mahali. Majengo yamesimama kwenye udongo mtupu na miche iliyofungwa kwenye fito. Wakazi wa Berlin walikuwa wameikata Tiergarten kuwa kuni katika baridi ya baada ya vita na kulima viazi na mboga ndani yake. Kati ya miti ipatayo 200,000 ilibaki takriban 700, na kazi ya kupanda upya ilianza mwaka 1949 tu. Wale watu milioni moja walionyeshwa mtaa ndani ya bustani wakati bustani yenyewe haikuwapo. Leo, wakati wa kiangazi, miti imefika ghorofa ya tano na ya sita, na mwanafunzi mwenye orodha analazimika kulizunguka jengo la Gropius akitafuta pembe ambayo majani yatamwachia nafasi ya kupiga picha.